Mnyonya Damu na Mama Yake

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ndiye niliyewapeleka. Watu wanne wazima, kila mmoja na Ijumaa yake ya mapumziko aliyoipigania kwa msimamizi wiki nzima, niliwaingiza kwenye ukumbi wa sinema pale Al Sadd, mjini Doha, kutazama filamu ambayo mpaka leo sijasikia mtu akiisifu. Ilihusu mlinzi wa benki aliyeng'atwa na popo wa ajabu ajabu, akaanza kunywa damu ya watu na kuruka angani, kisha akageuka shujaa wa jiji. Ukisimuliwa hivyo unaweza kudhani ni tamu. Mimi nami nilisimuliwa hivyo, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Siku hizo nilikuwa mlinzi wa hoteli, zamu ya mchana, nikiishi Al Mansoura katika chumba kimoja na Mganda ambaye pia alikuwa mlinzi. Tulibishana juu ya kila kitu, kuanzia mpira hadi namna ya kuchemsha maharagwe, na tulipendana sana. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango, kutabasamu, na kumtofautisha mgeni wa kweli na yule aliyekuja kupigwa na kiyoyozi tu. Nilijiona mtu wa macho makali. Kwa hiyo usinihurumie haraka.

Kanisani tulikuwa na kwaya ya Kiswahili, na katika sauti ya pili alikuwamo muuguzi mmoja, Mkenya mwenzangu. Miezi mitano nilimsalimia kila Ijumaa, naye akanijibu kwa adabu na kuendelea na mambo yake. Mwezi wa sita akanipa namba yake, kwa sababu ya mazoezi ya kwaya, alisema. Tukaanza kuzungumza kwa simu. Alikuwa na namna ya kusikiliza iliyonifanya niongee kuliko nilivyokusudia, na mimi hata bila kusukumwa ni mtu wa maneno.

Jioni moja aliniambia kuhusu mwanamume aliyetaka kumwoa nyumbani kabla hajaja huku. Jamaa alimwonyesha picha ya nyumba aliyosema anaijenga, ya matofali, imefika kwenye linta. Muuguzi akaomba ruhusa kazini, akapanda gari, akaenda kuiona. Nyumba ilikuwepo kweli, ila ilikuwa ya jirani.

"Mimi sitaki mambo mengi," akaniambia. "Nataka mtu akiniambia kitu, nikienda kukiangalia nikikute."

Nilimwambia hilo ni jambo dogo sana. Nililisema kwa moyo mweupe. Sikuwa na nyumba ya jirani, wala mke nyumbani, wala jina la pili, na nilitaka kumwoa. Nilitaka hivyo kiasi kwamba nikivuka barabara nilikuwa natazama pande zote mara mbili, nisije nikafa kabla ya kumwambia.

Sasa, filamu. Huko kwetu tulikokulia sisi wa vibanda vya video, filamu haitazamwi kimya. Kuna mtu anayeisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, na tunamwita DJ ingawa hapigi muziki. Anakuambia nani ni nani, nani atakufa, nani ni mjinga. Waigizaji anawapa majina ya mtaani, na pale pasipo na maneno anatia ya kwake. Wapo wanaosema DJ anaharibu filamu. Hao hawajawahi kukaa kwenye benchi la mbao na watu sitini wakicheka kwa pamoja kwa sababu jambazi la Kichina limeitwa chifu wa lokesheni yao.

Mdogo wangu alinitumia filamu ile ikiwa imeshasimuliwa, hata kabla haijachakaa kwenye kumbi za Doha. Kuna mtu aliyeirekodi ndani ya ukumbi mahali fulani duniani, giza tupu, vichwa vya watu vikipita mbele. Niliifungua ndani ya basi la wafanyakazi asubuhi, jua likapiga kioo cha simu, sikuona kitu. Basi nikaitia simu mfukoni, nikaweka kidude kimoja cha sikio, na kwa asubuhi tano nikaisikiliza kutoka Al Mansoura hadi kazini. Sikuona hata ukucha wa yule mnyonya damu. Nilimsikia.

Na ilikuwa tamu, Mungu wangu. Ndani yake kulikuwa na sehemu moja ambapo mlinzi, akiwa ameshageuka, anasimama juu ya paa la ghorofa, na mama yake anampigia simu kutoka nyumbani. Niliisikiliza sehemu hiyo tukiwa kwenye foleni ya magari, na machozi yakanitoka mbele ya wanaume arobaini waliovaa sare. Dereva wa basi alinitazama kwenye kioo akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni vumbi.

Jioni ile ile nikampigia muuguzi. Nikamwambia kuna filamu lazima aione.

"Umeiona?" akauliza.

"Nimeiona yote. Kuna sehemu ya mama, utalia."

"Mimi silii kwa sinema."

"Hii utalia. Beba tishu."

Akasema sawa, Ijumaa, baada ya ibada, lakini atakuja na Anti. Anti alikuwa mkuu wa wodi yao, mama wa makamo kutoka kwetu, aliyekaa Doha miaka mingi na kuozesha nusu ya kwaya. Anti haji kutazama sinema. Anti anakuja kumtazama mtu. Kwa furaha na hofu nikamwalika Mganda wangu na rafiki yetu mmoja dereva wa kampuni, ili nisiwe peke yangu kwenye mtihani.

Tuliketi safu moja. Ndani kulikuwa na baridi ile ya Doha ya kukufidia joto la nje kwa mkupuo mmoja. Anti alivaa sweta mbili. Muuguzi aliketi kati yake na mimi, akatoa mkobani pakiti ya tishu, mpya, haijafunguliwa, akaiweka juu ya goti. Nilipoiona nilijivuna kama bwana harusi.

Dakika kumi za kwanza nilingoja DJ aanze. Akili ilijua hayupo, lakini masikio yalingoja. Waigizaji walizungumza Kiingereza cha kunong'ona, maandishi ya Kiarabu yakipita chini, na kila kitu kikafanyika gizani. Yule jambazi ambaye DJ alimwita shemeji, aliyekula mbuzi wa posa halafu akakana, kumbe alikuwa ni ndugu wa mlinzi, na hakukuwa na mbuzi wala posa. Yule mzee mcheshi wa sokoni niliyemsikia kwa DJ alikuwa maiti tangu mwanzo. Nilianza kutoka jasho kwenye baridi ile.

"Mama anakuja saa ngapi?" muuguzi akaninong'oneza.

"Bado kidogo."

Likaja paa. Nililijua kwa upepo, maana upepo ndio uliokuwa kwenye sikio langu ndani ya basi. Mlinzi alisimama ukingoni na koti lake. Upepo ukavuma. Akatazama taa za mji. Upepo ukaendelea kuvuma. Hakuna simu iliyolia. Dakika tatu nzima mtu mzima alisimama juu ya paa bila kusema neno, kisha akaruka akaenda zake, na ndipo nikaelewa kwamba mama yule aliishi ndani ya koo la DJ na si mahali pengine popote.

"Ni huyu?" muuguzi akanong'ona. Kwenye kioo alikuwa amepita mwanamke anayefagia.

"Bado," nikasema.

Taa zikawaka. Pakiti ya tishu ilikuwa bado gotini.

Tulipanda hadi ghorofa ya vyakula, tukapata meza, tukanunua karak, chai ya maziwa ya huku, na viazi, na hapo kesi ya filamu ikafunguliwa. Dereva alianza. Alisema yule mtu alitoroka na gari la benki kwa kurudi nyuma mtaa mzima, kwa kasi ile, bila kutazama kioo hata mara moja, na kwamba hapa Doha kamera za barabarani zingekuwa zimempiga picha saba.

"Mimi imenikera pale mwanzo," Mganda akasema. "Mtu ni mlinzi, anasikia sauti nje, anaacha lindo. Anaenda. Hakuandika kwa daftari, hakuita mwenzake kwa redio. Halafu anang'atwa, tunaambiwa tumhurumie. Mimi sikumhurumia, bwana."

Nilimuunga mkono kwa nguvu zote, nikitumaini mazungumzo yabaki kwenye daftari la lindo.

Anti aliweka kikombe chini. Yeye hasira yake ilikuwa ya kitaalamu. Shujaa aliingia hospitali, akafungua friji ya damu ambayo haikufungwa, akanywa mifuko minne bila kusoma lebo. "Hiyo friji ni ya nani?" akauliza, akitutazama mmoja mmoja kama tuko kwenye zamu yake. "Nani alikuwa na funguo? Damu baridi hivyo, moja kwa moja tumboni, grupu mbalimbali, na mtu anatoka akiruka. Na yule muuguzi amesimama tu kwa ukuta akipiga kelele. Kwani hajui kubonyeza kengele?"

Tulicheka mpaka meza ya pili ikageuka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote. Hiyo filamu mbovu ilikuwa inatufurahisha sasa kuliko ilipokuwa kwenye kioo, na nikaanza kudhani nimepona.

Muuguzi alingoja tumalize. "Na mama?" akasema. "Si ulisema kuna mama?"

Mganda alinitazama, akaona uso wangu, na kwa kuwa kwao nao wana wasimulizi wa filamu kama sisi, akaelewa kila kitu mara moja. Akanirushia kamba.

"Huyo wamemkata," akasema. "Si munajua hapa wanakatakata filamu."

Lilikuwa jibu zuri mno. Kila mtu aliyewahi kuingia sinema ya hapa anajua kuna vitu huondolewa. Watu wawili wanasogeleana nyuso, na ghafla wako ndani ya gari wakizungumzia mambo mengine. Nani angebisha?

"Enyewe wamekata," nikasema. "Hata mimi nimeshangaa."

Naandika haya nikiwa nimeridhika na maisha yangu, lakini sentensi hiyo bado inanichoma. Ilitoka kwa wepesi mno.

Nilichosahau ni Anti. Ukimwambia Anti kuna dhuluma, unakuwa umemwasha. "Wamkate mama wa mtu? Kwa nini?" akauliza. "Wakate mabusu, sawa. Wakate matusi, sawa. Mama kakosea nini?" Akavaa miwani, akatoa simu, akatafuta ule ukurasa ambapo watazamaji huandika maoni yao. Akatusomea mawili matatu. Mmoja alisema alilala. Mwingine alisema popo ndiye aliyeigiza vizuri kuliko wote. Anti akaipa nyota moja, akaanza kuandika, akitamka kila neno kwa sauti: kwamba yeye ni mzazi, kwamba amesikitishwa, kwamba sehemu ya mama imeondolewa bila sababu. Kisha akainua kichwa.

"Hebu tuwaeleze vizuri wasije wakakataa. Huyo mama alikuwa amevaa nini?"

Nilifungua mdomo kusema kitenge. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, kitenge cha kijani, na kitambaa kichwani, na ningeweza kuongeza viatu. Nikamtazama muuguzi. Hakuwa amekunja uso wala nini. Alikuwa amekaa tu na tishu zake mbele yake, ananisikiliza kwa ile namna yake, anangoja kuambiwa kitu.

"Sijui," nikasema. "Sikumwona."

"Hukumwona vipi?"

"Sikuiona filamu, Anti. Niliisikia. Ilikuwa imesimuliwa na DJ, na mimi niliisikiliza kwa basi simu ikiwa mfukoni. Mama aliongezwa na DJ. Hawakukata kitu."

Dereva ndiye aliyecheka kwanza, akaweka kichwa mezani, mabega yakitikisika. Mganda alijishika paji la uso. Anti alifuta maoni yake herufi baada ya herufi, kimya, na kila herufi niliisikia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya watu wazima, na mimi nimewahi kufukuzwa darasa la ubatizo.

"Kwa hivyo uliposema umeiona, ulikuwa hujaiona," muuguzi akasema. Sauti yake ilikuwa ya kazini, ya kumuuliza mgonjwa mara ya mwisho alikunywa dawa lini.

"Sikuwa nimeiona."

"Na uliposema wamekata, ulijua hawajakata."

"Nilijua."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejaza fomu. Kisha akauliza swali nisilolitegemea. "Huyo mama alisema nini?"

Nikawasimulia. Sikuwa na la kupoteza tena. Mlinzi yuko juu ya paa, nikasema, ametoka kunywa damu ya mtu kwa mara ya kwanza, mdomo haujakauka. Simu inalia. Ni mama, na nyuma yake kuna kuku, na hao kuku DJ anawaiga mwenyewe.

Mama anauliza, umekula?

Kijana anajifuta mdomo. Nimekula, mama.

Umekula nini?

Chakula cha huku tu.

Kinakushibisha?

Upepo unavuma. Kinashibisha, mama.

Mbona sauti imebadilika? Ni baridi ya huku. Basi vaa sweta. Nitavaa. Na hao watu wa huko, wanakaa nawe vizuri? Wanakaa nami vizuri, mama. Basi sawa, usikawie nje, lala mapema. Na mama anakata simu, na kijana anabaki na simu sikioni kwa muda mrefu, anasema peke yake: nimekula, mama, nimekula.

Hakuna aliyecheka. Dereva alikuwa ameinua kichwa, anachezea kifuniko cha kikombe. Mganda alitazama dari. Anti alivua miwani, akavuta tishu moja kutoka pakiti ya mwenzake bila kuomba, na akasema kwa hasira kwamba yeye mwenyewe wiki iliyopita alimwambia mama yake amekula, na alikuwa hajaonja kitu tangu asubuhi. Kwa muda kila mtu pale mezani alikuwa juu ya paa lake.

Muuguzi hakulia. Alisimama, akatushukuru kwa mchana mzuri, akamwambia Anti wasichelewe basi. Mimi alinipa mkono, kama anavyowapa wanakwaya wote.

Njiani kuelekea Al Mansoura Mganda alinilaumu vikali. "Ungesema kitenge tu," akarudia. "Neno moja, kitenge." Nikamjibu vibaya, nikamwambia ajitafutie mtu wake wa kumdanganya. Baadaye nilimwomba msamaha na akapika yeye.

Jumamosi hakukuwa na ujumbe. Jumapili nilimwandikia salamu, nikaifuta kabla ya kuituma. Jumatatu nilifungua mlango wa hoteli mara nyingi kuliko idadi ya wageni. Nilijua alichokuwa amekitaka kwa mwanamume. Kilikuwa kitu kimoja tu, na mimi nilikuwa nimempeleka mwenyewe, na Anti, na tishu mkononi, mpaka mahali ambapo hakikuwepo. Iliniuma hasa kwamba nisingeweza kumlaumu mtu mwingine, hata DJ. DJ alifanya kazi yake.

Jumatatu hiyo saa kumi, nikiwa kwenye mapumziko, simu ililia. Ilikuwa picha ya rota yake, ratiba ya zamu za mwezi mzima, yenye muhuri wa wodi, na siku zake za ofu, za kupumzika, amezizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Hakuna maelezo. Niliitazama nikidhani imekosea njia. Muuguzi wa huku hampi mtu rota yake hivi hivi. Ukiwa nayo unajua saa anazolala, siku ambazo hana nguvu hata za kuongea, na lini unaweza kumpigia bila kumwamsha. Wauguzi wenzake huombana wiki nzima kabla ya kuonyeshana.

Kisha ikaingia sauti yake.

"Nimemwambia ndugu yangu akanitafutia hiyo filamu yako ya DJ," alisema. "Nimeiangalia yote jana, kwa macho. Ni mbaya. Hata na DJ ni mbaya, picha ni giza na kuna mtu anakohoa mwanzo mpaka mwisho." Nikasikia akivuta pumzi, na nyuma yake mtu akiita kitanda cha nne. "Lakini mama yuko. Maneno ni yale yale uliyosema, hata kuku wako. Haya, narudi kazini."

Duara la kwanza lilikuwa Alhamisi. Ofu yangu mimi ilikuwa Ijumaa. Nilikwenda kwa msimamizi dakika ile ile, nikamwomba anibadilishie, na aliponiuliza sababu nikamweleza ukweli wote, kuanzia kwa popo.